Gunia la Kwanza Baada ya Sala

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza zaidi kwenye shamba la mwalimu kuliko darasani. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize. Nyumba ninamoandikia ina vigae vyekundu, uwanjani mwake zinalala lori mbili, na pale Kibiti ukiuliza nani alikuwa wa kwanza kufungua ghala la watu kuuziana korosho bila kuonana, utaletwa kwangu. Sikurithi. Baba aliniachia jembe lililokatika mpini na jina safi, basi.

Ghala lile lilizaliwa na ruksa. Ushirika ulikuwa umeshindwa kuwalipa wakulima, serikali ikaachia watu binafsi wanunue, na makampuni yakaanza kuteremka kutoka Dar es Salaam na magari yao. Wenzangu waliona magari. Mimi niliona macho. Mnunuzi mkubwa akifika gulioni na lori tatu tupu, kabla dereva hajazima moto bei imeshapanda, maana kila mwenye kikapu anajua leo kuna mwenye njaa. Mkulima mkubwa naye akileta mzigo wa kujaza uwanja, bei inaanguka kabla hajashusha, kwa sababu kila mtu anajua huyu hawezi kurudi nao nyumbani. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wanaumizwa na kitu kimoja, kuonekana. Nikasema moyoni, dawa ya macho ni giza, na giza nitaliuza mimi.

Kazi yenyewe nilijifunza Mohoro. Nilikuwa kuli kwa familia moja ya wafanyabiashara wa zamani, watu wa kanzu na kahawa, ambao babu zao waliuza mpunga na boriti za mikoko kwa vyombo vilivyopanda mto. Wale wazee walipouziana kitu kikubwa hawakutamka neno. Mmoja alitandaza kitambaa juu ya mikono yao, wakashikana vidole humo chini, huku midomoni wanaulizana habari za mvua. Kidole kizima kina maana yake, nusu kidole ina yake, na kubana kiganja ni nimekubali. Mimi nikiwa na gunia begani nilitazama misuli ya mkono inavyocheza, na haukupita muda nikawa nawasoma kama wenzangu wanavyosoma gazeti. Hawakujua. Mpaka wamekufa hawakujua.

Basi katika ghala langu muuzaji aliingia kwa mlango wa uani na mnunuzi kwa mlango wa barabarani. Katikati, ukuta. Mimi nilikwenda huku na huku na kitambaa changu. Huyu akanishika vidole, nikajua ana gunia ngapi. Yule akanishika, nikajua anataka ngapi. Zikikutana, mambo yameisha. Hawakujuana kwa sura wala kwa jina, na huko nje gulioni hakuna aliyenusa kwamba mzigo wa vijiji viwili umebadilisha mwenyewe.

Bei hatukuijadili kabisa. Mle ndani hakukuwa na bei. Bei tuliichukua nje, kule kwenye gulio la wazi ambako watu wadogo wanauziana gunia mojamoja na kila mtu anasikia. Kanuni niliitunga mwenyewe na masheikh wawili wakanipa mkono kwa kuitunga: bei ya ghala itakuwa bei ya gunia la kwanza litakalouzwa gulioni siku ya Ijumaa baada ya sala. Mtu aliyetoka kusujudu sasa hivi, tulisema, ataona haya kudanganya. Kwa hiyo mkono hutolewa kabla ya sala, na bei hujulikana baada ya sala. Ukishatoa mkono huwezi kuurudisha, hata iweje, maana kama ungeweza kuurudisha kila mmoja angesubiri asikie bei kwanza, na ghala lingekuwa gulio lenye paa.

Kanuni hiyo ilikwenda vizuri misimu miwili. Nilinunua lori la kwanza. Nilioa mke wa pili. Watu waliokuwa wakiniita kuli wakaanza kuniita mzee kabla mvi hazijatoka.

Ndipo mjomba wangu akaja.

Huyu ni kaka wa mama yangu, aliyenichukua baba alipokufa, akanilea Ruaruke pamoja na kuku wake. Mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa kama majembe. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani kilikuwa ni mikorosho, aliyoipanda mwenyewe akiwa kijana, mstari kwa mstari, kutoka ukutani mwa nyumba mpaka bondeni. Lazima nieleze jambo hapa kwa msomaji wa mbali. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na miti ni kitu kingine. Unaweza kuwa mwenye ardhi na mwingine akawa mwenye mikorosho iliyosimama juu yake. Miti inarithiwa peke yake, inauzwa peke yake, inawekwa rehani peke yake. Mwenye ardhi asiye na miti amebaki na mchanga.

Kijiji kilikuwa kimechoka na wachuuzi wanaopita na makopo yao, wanapima kwa kopo lililotunishwa kitako ili limeze zaidi. Mjomba akawaambia wakusanye korosho zote za kijiji pamoja, waziuze kwa mkono mmoja ghalani kwangu, mnunuzi asijue ni za nani wala ni nyingi kiasi gani mpaka zimekwisha kuwa zake. Aliwaita nje ya msikiti baada ya alasiri, nami nilikwenda na shati langu jipya.

"Mpwa wako huyu," mzee mmoja akaanza, "si ndiye aliyekuwa anatumalizia maembe?"

"Ndiye," mjomba akasema. "Na nyinyi mlimkimbiza msimkamate. Mtu asiyekamatika ndiye wa kumpa mali akakuuzie."

Watu wakacheka, hata mimi. Lakini yule mzee hakuachia.

"Sawa, mwenzetu. Na bei ikianguka? Sisi mkono umeshatolewa, hatuna pa kusemea. Tutakula kitambaa cha mpwa wako?"

Mjomba akaelekeza kidole kwenye mikorosho yake, inaonekana kutoka pale. "Bei ikiwa chini ya ile ya Ijumaa iliyopita, ile yote yenu. Njooni mkaitie alama. Mimi nitabaki na mchanga."

Nilimvuta kanzu. "Mjomba, hilo halina haja, bei inapanda, kila mtu anajua." Akanitoa mkono kama anafukuza inzi.

"Na mimi nina sharti langu," akawaambia. "Zote ziingie. Korosho zote. Zikitoka gunia pembeni watu watajua Ruaruke ina mzigo. Kwa hiyo atakayebana hata gunia moja akaliuza kivyake, huyo si mwenzetu. Akifiwa hatwendi. Akifa yeye, asubiri serikali ije imzike. Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Semeni amin."

Wakasema amin, wanaume pale barazani na wanawake kule nyuma ya ua walikokuwa wanapepeta mchele. Asiyetoka kwetu huenda asione uzito wake. Kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi, ukamnyima salamu, ataishi. Ukimnyima watu wa kumzika, umemtoa duniani akiwa hai. Mjomba aliitoa adhabu hiyo kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mlango wa msikiti.

Korosho zikaja ghalani kwangu, gunia juu ya gunia mpaka kenchi za paa. Ijumaa asubuhi mjomba akaingia kwa mlango wa uani, nikatandaza kitambaa, akanishika vidole. Mkono ulikuwa mkavu. Nikazunguka ukuta. Upande wa pili alikuwapo wakala wa kampuni moja, kijana mnene mwenye miwani ya jua aliyoisahau juu ya kipara. Akanishika vidole. Alitaka zote. Nikambana kiganja, akanibana. Nikarudi, nikambana mjomba. Imekwisha, imebaki bei.

Adhana ikalia. Tukaenda kusali.

Sasa sikiliza. Kanuni yangu niliitunga na wanaume, tukiwa tumekaa barazani kwa wanaume, na vichwani mwetu gulio lilikuwa limejaa wanaume. Baada ya sala, tulisema. Tuliona watu wanatoka msikitini, wanatafuta kandambili zao, wanapeana mikono, wanakwenda taratibu kwenye mizigo yao, na wa kwanza kuuza anauza kwa bei ya haki. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba imamu anapotoa salamu ya mwisho, wanawake wapo gulioni tayari.

Tulitoka mimi na wakala tumeongozana, ili bei tuisikie sote wawili. Watu bado walikuwa wanagombania viatu mlangoni. Tulipofika gulioni, pembeni karibu na wauza chumvi, mwanamke amejifunika kanga mpaka puani, amekaa juu ya gunia. Mchuuzi mmoja amesimama mbele yake, anamwona jinsi anavyogeuza kichwa huku na huku.

"Mama, mbona kama umeiba?"

"Nunua au ondoka."

"Ninanunua, lakini kwa bei ya mtu mwenye haraka." Akataja bei. Ilikuwa chini ya ile ya Ijumaa iliyopita kwa robo nzima. Mtu mwingine yeyote angemtemea mate. Yule mama akasema, "Lete."

Aliponyoosha mkono kupokea, kanga ikashuka. Alikuwa mkaza mjomba, mke wa mjomba wangu, mwanamke aliyenipikia uji.

Hakuniona. Alifunga pesa kwenye pindo la kanga akapotea katikati ya watu. Nyumbani aliaga anakwenda kumtazama mgonjwa.

Wakala alikuwa anacheka mpaka miwani ikamwangukia puani. "Gunia la kwanza, mzee! Ndilo hilo. Au kanuni zimebadilika njiani?"

"Hazijabadilika," nikasema.

"Nilitaka kusikia hivyo tu."

Gunia la pili liliuzwa tukiwa bado tumesimama pale. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya Ijumaa iliyopita. La tatu vilevile. Soko lote siku ile lilikuwa juu, isipokuwa gunia moja.

Nilirudi ghalani kwa mlango wa uani. Mjomba alikuwa amekaa juu ya mzani. Nikamtajia bei. Alinitazama kama ninayesema lugha nyingine.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nani kauza?"

Mimi kazi yangu ni kutosema nani. Hilo ndilo nililokuwa nauza, na mpaka leo hakuna aliyewahi kununua jina la mtu kwangu, wala kwa pesa wala kwa kipigo, na nimejaribiwa kwa vyote viwili. Nikasema, "Mtu, mjomba. Mtu mwenye haraka."

"Wa wapi?"

"Wa gulioni."

Akashuka kwenye mzani. Alisimama akafuta mikono kwenye msuli, ingawa haikuwa na kitu. "Basi walipe watu wangu," akasema, "nikawaambie."

Walikuja kuitia alama mikorosho wiki ileile. Kila mmoja na kitambaa chake, vipande vya kanga kuukuu, vya shati, vya mfuko wa unga, wakafunga kwenye mashina. Walifanya kwa adabu, wakamwamkia, wengine wakaomba radhi. Lakini walifunga. Yule mzee wa maembe alichukua mti ulio mbele ya mlango, ule mkubwa kuliko yote.

Mimi sikuwa maskini. Nilikwenda Ruaruke na pesa mfukoni, nikamwambia mjomba nitaikomboa miti yote siku hiyohiyo. Hapo ndipo nilipoliona godoro. Enzi zile magodoro ya sponji yalikuwa ndiyo yameanza kuingia, yametundikwa mbele ya kila duka kuanzia Ikwiriri mpaka Kibiti, kila moja na maua yake. Lilikuwa chumbani, juu ya kitanda cha kamba, bado lina nailoni. Mkaza mjomba alikuwa ameinama jikoni. Mgongo wake ulishapinda kwa kuokota korosho za mumewe maisha yake yote, na kila msimu ukiisha aliambiwa godoro ni msimu ujao.

Mjomba aliniona ninavyolitazama. Akanitoa nje.

"Ulimwona wewe," akasema. Hakuuliza.

Sikujibu.

"Vizuri. Uendelee hivyohivyo."

"Mjomba, nina pesa hapa. Nikiwalipa leo, kesho wanafungua vitambaa vyao."

"Ukilipa wewe, watasema nini? Mpwa kaiba, sasa anarudisha. Ghala lako litakuwa la kufugia mbuzi."

"Basi waambie kilichotokea. Bei ilikuwa juu! Waambie gunia moja ndilo lililo…"

"La nani?" Alinikazia macho. "Watauliza la nani. Na mimi ndiye niliyewasemesha amin." Akaokota bibo la mkorosho lililoanguka, akakumbuka, akaliweka chini taratibu mahali pake. Halikuwa lake tena. "Akifa yule mwanamke, mpwa wangu, utamzika na nani? Wewe na dereva wako?"

Nikarudi Kibiti na pesa zangu.

Kanuni nilibadilisha. Gunia la kwanza halikuhesabiwa tena, tulichukua magunia kumi yaliyofuata, tukagawanya. Biashara ilikua kuliko mwanzo, watu wakaniletea ufuta, wakaniletea kamba wa Salale waliogandishwa. Miaka mingi baadaye mkwe wangu, msomi, anafanya kazi mambo ya hisa, aliniambia barazani kwangu kwamba huko ng'ambo matajiri wanayo masoko ya giza, wanauziana mali kubwakubwa kwenye kompyuta bila kuonana, ili soko la wazi lisishtuke.

"Mimi niliwatangulia," nikamwambia.

"Kweli, baba."

"Na bei wanaipata wapi?"

"Wanaichukua kwenye soko la wazi, ilivyo kwa wakati huo."

"Basi na wao wana mkaza mjomba wao huko, amekalia gunia."

Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Mkaza mjomba alikuwa hai bado. Sasa ametangulia, amezikwa na watu wengi mno, na ndiyo maana kalamu yangu imefunguka.

Mjomba mwenyewe hakumaliza hata mwaka. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Asubuhi alikuwa anafagia chini ya mikorosho kama alivyozoea, anakusanya majani, anachoma, na wenye miti wakija kuokota anawapisha. Kisha akaacha kufagia. Kisha akaacha kutoka. Nilipokwenda kumwona alikuwa amelazwa juu ya lile godoro. Mkewe alikuwa amehamia chini kwenye mkeka, na mgongo wake ule.

"Mpandishe mkaza mjomba wako kitandani," mjomba aliniambia. "Mimi nimemwambia, hataki."

"Sitaki," mkaza mjomba akasema kutoka mkekani, bila kugeuka.

Hayo ndiyo niliyoyasikia wakisemezana. Kama yapo mengine, waliyasema nisipokuwapo.

Mjomba alikufa msimu wa mabibo, na kaburi likachimbwa karibu na nyumba, katika ardhi yake, chini ya mti wa yule mzee wa maembe. Ruaruke nzima ilikuja. Walikuja wa Mohoro kwa lori langu, walikuja wa delta wakiwa wamelowa hadi magotini, wengine nilikuwa siwajui. Jembe halikukaa kwa mtu mmoja zaidi ya dakika, kila mtu alilitaka. Niliwatazama watu wa Ruaruke nikajua mjomba alishamlipia mkewe kila mmoja wao kwa mikorosho yake, ili naye awe na wa kumzika, na hakuna aliyejua.

Watani nao walikuwapo, wenye ruhusa ya mzaha hata kaburini, kama desturi. Mmoja wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya tarumbeta, aliruka akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akakataa maiti isishushwe.

"Hashuki mtu hapa! Watu wa Ruaruke, mnaona? Jamaa yenu anataka kulala kwenye kivuli cha watu bure! Mti wa nani huu?"

Watu wakacheka, ndivyo inavyotakiwa, machozi yakiwa bado usoni. "Wangu," yule mzee wa maembe akajibu, naye anacheka kidogo.

"Unamtoza shilingi ngapi kwa siku?"

"Bure. Huyu bure."

"Bure? Yeye alipokuambia bure si ulikuja na kitambaa!"

Hapo kicheko kikakatika. Kule kwa wanawake nikasikia mtu mmoja analia kwa sauti tofauti na wenzake, nikajua ni nani, wala sikugeuka. Nikatoa noti mfukoni, nikamtupia mtani, akatoka kaburini, akajipangusa mchanga. Tukamshusha mjomba.

Tulipokuwa tunafukia, upepo ulipita juu. Bibo moja bivu likaanguka na korosho yake, likatua katikati ya udongo mbichi. Watu wote waliliona. Yule mzee alisimama na jembe mkononi, akalitazama, akawatazama watu, kisha akainama, akalinyofoa korosho, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaendelea kufukia.